Juzuu isiyo na jina: Historia ya kuziita diski za kompyuta majina

WALIOTUMIA kompyuta kabla ya ujio wa Windows 95 watakumbuka kile kiwambo cheusi chenye maandishi meupe. Ukiiamuru mashine ikuonyeshe orodha ya faili, ilianza kwa kukupa taarifa moja kabla ya lolote lingine, kwamba ‘volume’ iliyo katika kiendeshi C haina lebo. Sentensi ile ile, kila mara. Tuliizoea kama mtu anavyouzoea mlango wake unaolia. Hatukuuliza ‘volume’ ni kitu gani, wala kwa nini mashine inasumbuka hivyo ati kitu hicho hakina jina.

Nataka tuulize leo, hata kama tumechelewa. Mtu anaposakinisha mfumo endeshi huombwa kuamua mambo mengi, na kuipa diski jina huwa ndilo dogo kuliko yote. Ndilo pia tunaloliruka. Kuna watu huku kwetu Nyanza Kusini waliolilipia ruko hilo kwa machozi, na nitawafikia.

Tuanze na neno lenyewe. ‘Volume’ ya Kiingereza asili yake ni Kilatini, ‘volumen’, yaani kitu kilichoviringishwa. Kabla vitabu havijaanza kufungwa kwa kurasa, maandishi ya Warumi yalikaa katika mafunjo yaliyoviringishwa, na kazi ndefu ilihitaji mafunjo kadhaa. Ndipo neno likahama, kutoka kwenye umbo la kitu likaenda kwenye sehemu ya kazi ndefu. Halafu likawa ukubwa wa kitabu, kisha ukubwa wa kitu chochote kile, na mwisho kabisa ukubwa wa sauti. Kile kitufe cha redio unachokizungusha taarifa ya habari inapoanza ni mjukuu wa funjo la Kirumi.

Kampuni ya IBM ilipotangaza mitambo yake ya System/360 mnamo Aprili 1964, data nyingi ilihifadhiwa katika tepu za sumaku. Kila tepu iliitwa ‘volume’, na kwa bahati neno likawa limerudi nyumbani, maana tepu nayo huviringishwa. Mwanzoni mwa tepu paliandikwa lebo iliyosomwa na mtambo wenyewe. Ilianza kwa VOL1, ikafuatwa na kitambulisho cha herufi au tarakimu sita. Mtambo ulisoma lebo hiyo kwanza. Kama mhudumu alikuwa amepachika tepu ya mishahara mahali pa tepu ya ankara, lebo ilimsaliti na kazi ikasimama. Ningependa msomaji alishike hilo. Jina la diski halikubuniwa kwa urembo. Lilibuniwa ili mashine isije ikaandika juu ya kazi ya mtu mwingine.

Diski zenyewe zilikuwapo kabla ya hapo. Ya kwanza kuuzwa ilitoka IBM mwaka wa 1956, ikiwa na sahani 50 zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ilibeba takriban herufi milioni tano tu, ambazo leo hazitoshi wimbo mmoja wa ohangla kwenye simu. Lakini diski zilirithi msamiati wa tepu, likiwemo hilo la ‘volume’, ingawa hakuna tena kinachoviringishwa.

Sasa, tutaliitaje kwa Kiswahili? Mtafsiri mwenye pupa atachagua kati ya ‘sauti’ na ‘ujazo’, kwa kuwa ndiyo maana mbili zinazojitokeza haraka kamusini. Hebu fikiria mtoto wa Gredi ya Saba pale Ndhiwa akisoma kiwamboni kwamba ‘sauti iliyo katika C haina jina’. Ataangalia spika! Na ‘ujazo’ ni istilahi ya hisabati na ya mitungi ya maji.

Mimi napendekeza ‘juzuu’. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni sehemu ya kitu kizima. Msahafu umegawanywa katika juzuu 30, na majarida ya kitaaluma pia huhesabiwa kwa juzuu. Diski moja inaweza kugawanywa juzuu mbili au tatu, kila moja ikiwa na jina na kazi yake, na bado ikabaki diski moja, sawa na kitabu kimoja kilichochapishwa kwa juzuu tatu. Kuna mwenzangu anayetetea ‘gombo’, kwa hoja kwamba ndilo lililo karibu zaidi na mviringo wa Kilatini. Kwa tepu ningekubaliana naye. Kwa diski iliyogawanywa, hapana. (Kuhusu ngeli, wapo wasemao ‘juzuu la kwanza’ na wapo wasemao ‘juzuu ya kwanza’. Nitatumia ya pili, na ugomvi huo tuuache kwa wiki nyingine.)

Kazi ya kutafsiri programu haijakosa watu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, na mwaka huo huo Microsoft ilitangaza kwamba ingeleta programu zake kwa Kiswahili. Juhudi za namna hiyo ndizo zilizotuzoesha ‘faili’, ‘folda’ na ‘kusakinisha’. Hili la mwisho nalipenda kwa dhati. Limetoka shina moja na ‘maskani’, kwa hiyo kusakinisha mfumo ni kuupa mahali pa kukaa. Lakini nyumba ile tuliiacha bila jina, kwa sababu jina la juzuu haliandikwi na mtafsiri. Huandikwa na mwenye mashine.

Je, ile herufi C? Huenda msomaji akasema, mbona diski ina jina tayari, inaitwa C. La. Herufi hiyo ni kiti, kama kiti cha tatu darasani. Gary Kildall alipounda mfumo wa CP/M mnamo 1974, viendeshi viliitwa A, B na kuendelea, mtindo uliokuwa umeanza katika mitambo mikubwa ya IBM miaka ya 1960. Mfumo wa DOS wa 1981 uliuiga. Kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa na nafasi mbili za zile diski laini tulizoita flopi, A na B. IBM ilipoleta kompyuta ya PC XT mwaka wa 1983 ikiwa na diski kuu ya megabaiti 10 ndani yake, diski hiyo ikakalia kiti kilichofuata, C. Flopi zimekufa, viti viwili vya mbele viko wazi, na C bado amekaa pale pale kana kwamba atafukuzwa akisogea. Muhimu ni kwamba kiti hubadilika. Ukiiwasha kompyuta kwa njia ya kuikarabati, juzuu uliyoizoea kwa jina la C yaweza kuonekana kama D. Kwa upande wa Linux diski huitwa sda, sdb, sdc, na mpangilio huo nao waweza kubadilika ukiongeza diski nyingine.

Mwaka wa 1988 DOS toleo la 4 lilileta njia nyingine. Kila juzuu ilipofomatiwa ilipewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi nane, zilizokatwa katikati kwa kistari. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa kura. Mashine iliikokotoa kutokana na tarehe na saa ya kufomatiwa, hadi sekunde na sehemu ya sekunde.

Msomaji wa Homa Bay au Migori ameshaanza kutabasamu. Diski inapewa jina kwa saa ya kuzaliwa! Onyango wa asubuhi, Ochieng' wa jua la mchana, Odhiambo wa jua linapokaribia kuzama, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua. Wahandisi wa DOS hawakuwa wamefika Oyugis, lakini walikabiliwa na tatizo lile lile la kukitambua kiumbe kipya pasipo kujua lolote juu yake isipokuwa wakati alipofika, na wakalitatua vile vile.

Lakini Waluo hawakuishia hapo. Mtoto huongezewa jina lingine, mara nyingi la marehemu wa ukoo, na wazee husimulia kwamba jina hilo laweza kujileta lenyewe katika ndoto. Saa ya kuzaliwa inasema ulifika lini. Jina la pili linasema wewe ni nani miongoni mwa watu wako. Ndivyo ilivyo kwa diski pia. Kiti inapewa na mfumo, namba ya kuzaliwa inapewa na saa, na jina la tatu, lile linalosema imebeba nini na ni ya nani, mfumo hauwezi kulijua. Umetuachia sisi tuliandike kwa lugha yoyote tutakayo. Nasi tunabonyeza ‘endelea’.

Nilisema kuna waliolia. Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya upili katika kaunti ya Migori alinisimulia kisa hiki. Shule siitaji. Kompyuta ya ofisi ya mitihani ilikuwa na diski mbili zenye ukubwa ule ule. Moja ilibeba mfumo endeshi, nyingine alama za wanafunzi. Mfumo ulipoanza kusuasua wakamwita fundi, kijana kutoka Homa Bay, mwenye mikono mizuri kwa kweli. Akauliza alama ziko wapi. Akajibiwa kwa simu, “Ziko kwa D. Hiyo usiguse.”

Kijana akaanza kazi. Kiwambo cha kusakinisha hakikumwonyesha C wala D. Kilimwonyesha Diski 0 na Diski 1, ukubwa sawa, na mahali ambapo jina lingetokea pakiwa patupu. Akapiga hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeipiga. C hutangulia D, na 0 hutangulia 1, basi mfumo uko kwenye 0. Kumbe waya za ndani zilikuwa zimechomekwa kinyume. Akafomati 0, na alama za miaka mitatu zikaenda. Mfumo mpya ulipokwisha kuandikwa juu yake, hapakuwa na la kuokoa.

Walimu walimaliza likizo ya Agosti wakinakili alama kutoka madaftari ya karatasi. Daftari mbili hazikupatikana, moja ilikuwa na mwalimu aliyehamishwa, nyingine ilikuwa imeloa. Kuna wanafunzi walioondoka shuleni na fomu zenye mapengo, na pengo kwenye fomu halijielezi kwa mwajiri. “Prof, hata sikumlaumu huyo kijana,” mwalimu aliniambia. “Hiyo kitu haikuwa imeandikwa chochote.”

Lebo ya herufi chache ingetosha. Kiwambo kile kile kingeonyesha ALAMA mbele ya Diski 0, na mkono wa kijana ungesita, kama mhudumu wa tepu wa 1964 alivyosimamishwa na VOL1.

Baadaye nilionana na yule fundi mjini Homa Bay. Akaniambia, “Japuonj, siku hizi siachi diski bila jina.”

“Unaziita nani?”

“DATA.”

“Zote?”

“Zote.”

“Wuoda,” nikamwambia, “ukimwita kila mtoto Nyathi, utamtuma yupi dukani?” Akacheka. Naye alijua, maana wiki ile alikuwa amechomeka diski ya mteja kwenye mashine yake, na zote mbili zilikuwa DATA.

Tatizo la masomo, yaani watu wa jina moja, si la kuchezea. Nenda soko la Kehancha siku ya soko uite “Chacha!” au “Mwita!” uone wangapi watageuka. Abakuria wana njia zao za kutofautisha, kwa jina la baba na la ukoo. Kompyuta haina ukoo. Mac ikipata juzuu mbili za jina moja huipa ya pili tarakimu 1 ubavuni na kuendelea, na ole wako kama programu yako ilikuwa ikimtafuta somo wa kwanza. Wakati fulani mfumo wa Red Hat Linux ulizipa juzuu zake kuu lebo moja kwenye kila mashine, alama ya mkwaju tu. Ukihamisha diski kutoka mashine moja hadi nyingine, masomo wawili walikutana na mfumo ukashindwa kujua umfuate yupi. Ndiyo sababu moja iliyoifanya mifumo mingi ya Linux ielekee kwenye namba ndefu za utambulisho, zile ambazo binadamu hawezi kuzisoma kwa pumzi moja. Mashine ilipata uhakika, lakini fundi aliyesimama mbele ya kiwambo hakuongezewa chochote.

Basi jina liwe la namna gani? Wengi hutaka kuipa diski jina la mahali ilipo: OFISI, LAB 2, MIGORI. Mimi nina shaka na majina ya mahali, na sababu ni historia yetu wenyewe. Eneo hili liliwahi kuitwa Kavirondo ya Kusini, kwa jina lililoenezwa na wafanyabiashara wa pwani na kushikwa na wakoloni, wala si jina ambalo wenyeji walijiita. Katika miaka ya 1940 likawa Nyanza Kusini. Kisii ikamegwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Migori nayo ikajitenga ikawa wilaya, na tangu 2013, chini ya Katiba ya 2010, tuna kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Ni kama diski moja iliyogawanywa tena na tena huku data ikiwa ndani, na kila mgao ukihitaji lebo mpya.

Lebo ya zamani haifutiki mara moja. Kiwanda cha sukari cha Awendo bado kinaitwa Sony, ufupisho wa South Nyanza, ilhali wilaya yenye jina hilo haipo. Mgeni hudhani ni Wajapani wamekuja kulima miwa! Jina limebaki likionyesha mahali palipokwisha kufutwa kwenye ramani. Vivyo hivyo kwenye kompyuta: diski iliyoandikwa OFISI huhamishiwa maktaba, na baada ya miaka mitano hakuna anayejua ni ofisi ipi ilikuwa. Jina la kazi hudumu zaidi. ALAMA ni ALAMA hata ikiwa Rongo au Mbita. Ukiongeza mwaka, bora zaidi.

Mwaka lakini unahitaji nafasi, na nafasi ni finyu. Lebo ya DOS ilikuwa na herufi 11 tu, na kiwango hicho kingali kinazibana flashi nyingi tunazobeba mfukoni. MATOKEO 2024 inakataliwa, kwa kuwa ukihesabu na nafasi iliyo katikati ni 12. MATOKEO2024 inapita. Kwa udadisi nilijaribu majina ya maeneobunge 16 ya kaunti zetu hizi mbili. KARACHUONYO inaingia barabara, herufi 11 bila kubaki hata moja. KABONDO KASIPUL na KURIA MASHARIKI zinagonga mlango. Kwa juzuu za ndani za Windows mambo ni mapana zaidi, herufi 32, kwa hiyo ALAMA KIDATO CHA NNE inaenea bila kukatwa mkia. Linux kwa kawaida inatoa 16. Kiswahili chetu kinapenda maneno marefu, lakini kina mafupi pia: ADA, ALAMA, PICHA, MALIPO, BARUA, AKIBA. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kuazima DATA wala BACKUP.

Limebaki jambo la ritifaa, lile kato la ng'. Kiswahili na Dholuo vyote vinalihitaji. Bila kato, ng' ya ‘ng'ombe’ inakuwa ng ya ‘ngoma’, na jina Ochieng' linapoteza mwisho wake, kama linavyopotezwa kila siku kwenye vyeti na vitambulisho. Lebo ya diski inaikubali alama hiyo bila taabu. Shida huanza unapoitaja juzuu hiyo kwa amri ya maandishi katika Linux. Hapo kato linaeleweka kuwa mwanzo wa nukuu, na mashine inaanza kungoja nukuu ifungwe. Inaweka alama ya > na kunyamaza. Itangoja hadi asubuhi, Otieno awe Onyango.

Wapo mafundi wanaoshauri kato liachwe kabisa, ati ni usumbufu. Yule kijana wa Homa Bay hakukubali, na mimi niko upande wake. Baba yake ni Ochieng'. Juzuu anayohifadhia kazi za wateja ameiita AKIBA OCHIENG', herufi 14 ukihesabu nafasi na kato, na amewafundisha wanagenzi wake wawili kutanguliza mkwaju wa nyuma kabla ya kato na kabla ya nafasi ili mashine isikwame.